Mlinzi Asiye na Kitabu

Asubuhi ya Dasara, Sadashiv Nimbalkar alitoka nyumbani na nazi kwenye mfuko wake wa kazini, ingawa alijua fika kwamba mwaka huu nazi ya kuvunjwa mbele ya mashine haikuwa yake. Mkewe Nalini ndiye aliyeichagua sokoni, akaitikisa sikioni mara tatu, na shati jeupe akampigia pasi. Sadashiv hakuwa amemwambia kitu. Mtu anaweza kuishi na mkewe miaka ishirini na miwili, akamweleza habari za figo zake na za ndoto zake mbaya, akashindwa kumwambia kwamba kazini amepokonywa nazi.

Miaka kumi na mmoja ilikuwa yake. Kila Dasara, siku ambayo zana hupumzishwa na kuabudiwa, mkulima jembe lake na dereva lori lake, Sadashiv ndiye aliyeingia chumba cha mashine cha ushirika wa maziwa. Ndiye aliyelipaka kabati la seva poda nyekundu, akalivika shada la maua ya manjano, akavunja nazi kizingitini. Seva ile ndiyo iliyopokea vipimo vya kila lita ya maziwa kutoka vijiji mia moja na arobaini, asubuhi na jioni. Ikilala, maziwa hayapokelewi, na maziwa hayajui kusubiri. Kiwanda kizima kilimwita Bhau, kaka mkubwa, na jina hilo alilivaa kama koti.

Kisha akaja Ketaki Wagle kutoka jiji la Pune, miaka ishirini na saba, na vyeti vitatu vya mifumo ya kompyuta ya Linux ndani ya faili la plastiki. Miezi kumi tu, na meneja Ghorpade alikuwa ameshazoea kupita meza ya Sadashiv bila kusimama. "Ketaki, hebu tazama hii." "Ketaki, hii imekwama." Sadashiv alihesabu hatua: kutoka mlangoni hadi mezani kwake sita, hadi kwa Ketaki tisa. Ghorpade, mtu wa kisukari na magoti mabovu, alikuwa anatembea hatua tatu za ziada ili asimwulize yeye.

Halafu wiki iliyopita, mbele ya watu wote, Ghorpade akatangaza, "Nazi mwaka huu atavunja Ketaki. Tuwape vijana nafasi. Wewe Bhau umeshavunja za kutosha kufungulia duka!"

Watu wakaangua kicheko. Sadashiv naye alicheka, meno nje, roho inamwuma. Tena si nazi peke yake. Siku mbili baada ya Dasara bodi ingemtaja mkuu wa chumba cha mashine, na hakuna aliyekuwa haelewi kwamba anayeshika nazi leo ndiye atakayeshika ufunguo kesho.

"Mwanamke havunji nazi," alimwambia karani wa mizani siku ile. "Mimi sina neno naye. Nasema desturi tu."

Wivu hautembei uchi. Wa Sadashiv ulivaa desturi.

Maziwa ya asubuhi yalipomalizika kupokelewa, saa tatu, Ketaki alikuwa tayari ameketi mbele ya seva, nywele zimefungwa, sari mpya ya kijani imekunjwa vizuri isiguse nyaya.

"Bhau," akasema, "mashine hii haijazimwa siku mia nne na kumi na tatu. Dasara iliyopita ilikuwaje?"

"Niliifunika kitambaa."

"Kitambaa?"

"Skrini. Nikaifunika kitambaa chekundu. Ikapumzika."

Ketaki akakaza midomo asicheke, na kule kukaza kulimkera Sadashiv kuliko kicheko chenyewe.

"Mwaka huu naizima kweli," akasema Ketaki. "Saheb Ghorpade amekubali. Mashine isiyozimwa hujui kama itaamka, na heri tujue leo mchana kuliko umeme ukatike usiku wa masika. Nimeshachukua nakala ya mafaili yote. Ila wewe umekaa nayo zaidi. Kuna kitu ulibadilisha ambacho natakiwa nikijue kabla sijaizima? Chochote?"

Swali zuri. Lilikuwa swali la mtu anayejua kazi yake, na limeulizwa kwa adabu. Sadashiv angeweza kukaa dakika tano, akakuna kichwa, akakumbuka. Lakini aliliona lile faili la plastiki mezani, akaiona na ile nazi ya Ketaki, imeshafungwa uzi mwekundu, na mlango wa kumbukumbu ukajifunga wenyewe.

"Mimi nibadilishe nini, bibie? Wewe ndiye mwenye vyeti."

Ketaki akatikisa kichwa polepole, akaandika amri, akaizima. Feni zikashuka sauti, zikanyamaza. Sadashiv hakuwahi kukisikia kile chumba kikiwa kimya.

Saa nne wakakusanyika, viatu nje. Ghorpade alikuja na kofia nyeupe na kikapu cha majani ya mti wa apta, yale ambayo watu hupeana jioni ya Dasara na kuyaita dhahabu. Uvumba ukawashwa. Ketaki akapaka poda, akavika shada, akainua nazi na kuipiga kizingitini. Ikapasuka pigo moja, vipande viwili sawasawa, maji yakaruka, watu wakapiga makofi. Miaka kumi na mmoja na Sadashiv hakuwahi kuipasua kwa pigo moja.

Wote wakafumba macho kuomba. Sadashiv naye akafumba, na ombi lililomtoka hakuwa amelipanga. Isiamke, aliomba. Mungu wangu, mbele ya watu hawa wote, isiamke.

Saa sita mchana, baada ya chapati na mtindi mtamu wa zafarani, Ketaki akabonyeza kitufe. Feni zikaunguruma. Maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye skrini, mstari juu ya mstari, kama kawaida ya Linux inapoamka. Halafu yakasimama. Mstari wa mwisho ulisema kwa Kiingereza kwamba sera ya ulinzi imeshindwa kupakiwa, na kwamba mfumo unaganda hapohapo.

Ketaki akaiwasha upya. Ikapanda, ikaganda palepale. Mara ya tatu, vilevile.

Nitasema ukweli, kwa kuwa Sadashiv mwenyewe hakuusema: alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka tumboni, ya moto, ikamfika masikioni. Aliuma ndani ya shavu ili uso ubaki wa msiba.

"Nini hii?" Ghorpade aliuliza.

"Ndani ya mfumo kuna mlinzi, Saheb," Ketaki akajibu bila kugeuka, kompyuta yake ndogo imeshafunguka mapajani. "Yeye ndiye anayeamua programu ipi iguse nini. Kila mashine ikiamka, kwanza anapewa kitabu cha sheria. Leo hajakipata, na amekataa kumruhusu mtu yeyote apite. Nipe nusu saa, naangalia nakala yangu ya..."

"Nusu saa! Asubuhi ilikuwa inafanya kazi. Umeizima wewe, haiamki. Saa kumi na moja maziwa ya jioni yako getini, lita elfu sitini! Nikayaogee?"

"Saheb, nusu saa tu."

"Toka hapo. Vyeti vyako viweke pembeni kwanza. Bhau! Bhau yuko wapi? Ingia wewe. Na wewe nenda kwenye mizani ukaandae daftari, tutaandika kwa mkono tukikosa."

Hatua sita, Sadashiv aliwaza, na akaingia na kifua mbele.

Ketaki alimpisha kiti. Alipoinama kuchukua kompyuta yake alisema taratibu, pasipo Ghorpade kusikia, "Bhau, kwenye orodha ya kuwashia, mwisho wa mstari wa kiini cha mfumo, mwambie mlinzi aonye tu, asizuie. Itapita. Kisha angalia faili la mpangilio wake."

"Najua," akasema Sadashiv, naye alikuwa hajui. Akaona heri maziwa yaharibike kuliko kufuata maneno yale. Aliwasha na kuzima. Alichomoa nyaya akazifuta kwa shati jeupe la Nalini, akazirudisha. Alipuliza vumbi. Alimpigia simu rafiki yake wa mjini Sangli, akaambiwa rafiki yuko hekaluni. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Kupitia kioo alimwona Ketaki uani, anachora mistari kwenye daftari kwa rula, na Ghorpade amesimama juu ya kichwa chake anamsema. Kwa mbali midomo ya Ghorpade ilikuwa inasomeka: majaribio, mwezi huu, tutaona. Muda wa majaribio wa Ketaki ulikuwa unaisha mwezi ule.

Saa tisa na nusu gari la kwanza la maziwa, limewahi kuliko mengine, likapiga honi getini. Ndipo Sadashiv akameza mate machungu, akafanya kama alivyoambiwa. Akaiwasha, akaikamata orodha ya kuwashia kabla haijapita, akashuka hadi mwisho wa mstari, akaongeza maneno mawili. Maandishi yakapanda. Yakafika pale pa kuganda. Yakapita.

Alitaka kufurahi, ila njia ilikuwa ya yule binti.

Akafungua faili la mpangilio wa mlinzi. Ni faili dogo, lina mistari miwili ya maana. Mstari wa kwanza unasema mlinzi akae vipi: azuie, aonye tu, au azimwe. Mstari wa pili unataja jina la kitabu atakachosoma. Kwenye mstari wa kwanza paliandikwa azuie, kama inavyotakiwa. Kwenye mstari wa pili, mahali pa jina la kitabu, mtu alikuwa ameandika azimwe. Kwa hiyo kila ilipoamka leo, mashine ilikwenda kutafuta kitabu kinachoitwa Azimwe. Kitabu hicho hakipo duniani, na mlinzi, kwa kuwa ameambiwa azuie, alizuia kila kitu.

Kosa la mjinga, Sadashiv aliwaza, na mkono wake ukawa tayari unaelekea mlangoni kumwita Ghorpade aje aone kazi ya mwenye vyeti. Hapo akaona maneno madogo juu ya mstari. *S.N., Aprili. Usiguse.*

S.N. alikuwa mmoja tu kiwandani.

Akakumbuka yote kwa mkupuo. Aprili, joto la kupasua vichwa, kipimo kipya cha mafuta ya maziwa, printa inagoma kutoa stakabadhi kwa sababu mlinzi haiamini, foleni ya watu na makopo yao hadi barabarani. Ketaki alikuwa meza ya pili, hatua tatu tu. Angemwuliza, lakini angekufa kwanza. Alimtuliza mlinzi kwa amri ya papo hapo, printa ikatema karatasi, watu wakashangilia, Ghorpade akamnunulia chai. Halafu, ili dawa yake idumu, akafungua faili hili kwa haraka, anachungulia begani kama Ketaki anatazama, akaandika neno sahihi kwenye mstari usio wake. Mashine haikuzimwa tangu siku hiyo, kwa hiyo haikulisoma faili tena. Kosa lilikaa miezi sita linamngoja.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sadashiv alikaa akaliangalia lile azimwe mpaka honi ya pili ikalia.

Kisha akalifuta. Akaandika jina halisi la kitabu. Akafuta na S.N., akafuta Aprili, akafuta Usiguse. Akaagiza mashine iyabandike mafaili yake lebo upya ili mlinzi ayatambue, moja baada ya jingine, akaiwasha tena. Dakika thelathini na tano alitazama asilimia zikipanda, jasho linamtoka kwenye chumba chenye baridi. Saa kumi na dakika hamsini skrini ikaomba jina na nywila kama siku yoyote. Mlinzi alikuwa kazini, kitabu mkononi.

"Imeamka!" Ghorpade alipiga kelele, akamkumbatia licha ya magoti yake mabovu. "Nilisema mimi! Karatasi ni karatasi, Bhau ni Bhau! Ilikuwa nini? Msichana aliizima vibaya, siyo?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Watu sita walikuwa mlangoni wanasikiliza.

"Mashine ya zamani, Saheb," akasema Sadashiv, "haipendi kuzimwazimwa na mikono migeni."

Akaipenda sentensi ile. Haikuwa na uongo hata mmoja ndani yake, nayo yote ilikuwa uongo. Ghorpade akampiga bega, akasema keshokutwa mbele ya bodi hana haja ya kufikiri, jina analo. Kuhusu Ketaki akasema, "Huyo aendelee na daftari. Mwisho wa mwezi tutaona."

Maziwa ya jioni yakapokelewa. Magari yakaingia moja moja, makopo yakagongana, printa ikatema stakabadhi. Sadashiv alisimama uani mikono nyuma, na kila aliyepita alimpa jani la apta: pokea dhahabu, Bhau, uishi kama dhahabu. Mfuko wa shati ukajaa. Alingoja furaha ya mchana irudi, haikurudi.

Ketaki alikuja mwisho, vidole vina wino wa daftari. Akainama, akamgusa miguu kama mdogo anavyomgusa mkubwa siku ya Dasara, akampa jani lake.

"Pokea dhahabu, Bhau."

"Uishi kama dhahabu," Sadashiv akajibu, anaangalia pembeni.

"Umerudisha jina la kitabu kwenye mstari wa pili?"

"Mstari gani?"

"Wa pili. Saheb aliponitoa nilikuwa nimeshafungua nakala yangu ya asubuhi. Faili hilo lilikuwa la kwanza kuliangalia. Niliona zile herufi."

Lori likapita katikati ya uwanja, wakangoja lipite.

"Umeona tangu saa sita?"

"Ndiyo."

"Ukakaa unatukanwa mchana mzima, huku umeona?"

"Nimwambie Saheb mbele ya madereva, siku ya Dasara, kwamba Bhau ndiye aliyekosea? Wewe ni mkubwa wangu. Nikasema ukiliona utamwambia mwenyewe." Akajifuta wino kwenye kitambaa. "Kosa la kawaida hilo. Pune nimelifanya mara mbili."

Sadashiv alimkazia macho, akatafuta sindano ndani ya maneno yale. Aliitafuta kwa bidii, kwa kuwa angeipata angepona. Hakuiona. Binti alikuwa anamwambia ukweli tu, amechoka, anataka kwenda kula na wenzake. Nakala alikuwa nayo mwenyewe, na hakuitumia kumshtaki.

Na hapo wivu ulimkamata upya, mbaya kuliko wa nazi, mbaya kuliko wa hatua tisa. Vyeti angevisema ni karatasi. Lile pigo moja la nazi angelisema ni bahati. Hili la sasa angelisema nini? Huyu mtoto wa juzi alikuwa amemshinda hata kwa moyo, tena bila kushindana. Sitaki kumpamba Sadashiv kwa kusema alitubu. Hakuweza tu kuvumilia aende kulala Dasara ile akiwa chini ya Ketaki Wagle katika kila kitu.

Akavuka uwanja. Ghorpade alikuwa kwenye mizani, anatania na dereva ambaye injini yake inaunguruma.

"Saheb! Ule mstari niliuandika mimi."

"Nini?" Ghorpade akaweka mkono sikioni.

"Kosa ni langu! Tangu Aprili! Asubuhi Ketaki aliniuliza nikamficha, na njia ya kuiamsha amenipa yeye!"

"Sikusikii, Bhau! Wewe, zima hiyo injini!"

Dereva akazima injini. Uwanja wote ukatulia, makopo yakaacha kugongana, na watu wa vijiji kumi wakageuza shingo kumtazama mtu aliyeokoa maziwa yao.

"Haya, rudia," akasema Ghorpade, bado anatabasamu.

Sadashiv akarudia, neno kwa neno. Katika ukimya ule sauti yake ilifika hadi getini. Tabasamu la Ghorpade liliondoka polepole, na Ketaki, kule alikosimama, akainamisha uso kwenye daftari lake kana kwamba yeye ndiye aliyeaibika.

Baadaye Sadashiv alichukua mfuko wake akaenda nyumbani kwa miguu. Nazi ilikuwa bado imo, nzima, na Nalini angeikuta na kumwuliza. Ingebidi aseme mara ya tatu.